Kamba ya Mafundo

Alfajiri natumbukiza kamba kisimani, Kibada.
Mwaka jana maji yalianzia fundo la tisa;
leo la kumi na mbili,
na jiwe limerudi na harufu ya pwani.

Naandika daftarini. Mwanaidi, saa moja.
Chande, saa moja.
Mimi, saa moja na—
hapo kalamu inasita.

Maana pampu iliyokoroma usiku wa Jumanne
si ya Chande, tuliyemtoza elfu ishirini
akalipa huku akiapa.
Ilikuwa yangu. Mchicha ulishainamisha shingo,
mchuuzi wa Temeke keshanipa kishika uchumba,
nikasema: kidogo tu, giza hili nani ataona?

Aliona Mwanaidi, kwa ulimi.
Alionja maji yake kiganjani, akatema,
akasema tu, "Yamekolea,"
kama anayesifu mchuzi.

Chini huko hakuna bikoni.
Nilichovuta kilitoka chini ya bamia zake,
na pale kilipotoka
bahari ikajongea, haikupiga hodi.

Jioni kuna kikao.
Nitalifungua daftari ukurasa wa Jumanne,
niweke juu yake elfu ishirini za Chande,
na elfu ishirini zangu,
na ufunguo wa pampu.

Kamba ashike mwingine.
Fundo la kumi na tatu
sitaki kulifunga mimi.