Mabwana Wawili kwenye Utepe Mmoja

Nafuna aliileta ndani ya kikapu cha mayai,
imefungwa kwa leso, leso ndani ya nailoni,
kama mtu anayepeleka kifaranga kwa daktari wa mifugo.
"Hiki ndicho chama," akasema, akaiweka mezani.
Miaka kumi na mitatu ya mazishi ya Kimilili
ndani ya bati lisilozidi nusu mkate.
Nani alitoa mia mbili. Nani alitoa maharagwe.
Nani alisema "kesho", na kesho ikazeeka.

Kompyuta yao ilikufa radi ilipopiga nguzo.
Yangu inaishi, kwa namna yake:
sanduku la rangi ya meno ya mvuta kiko,
feni inakohoa, na kila nikiiwasha inaapa
kwamba leo ni Januari mosi, elfu mbili na mbili,
maana betri yake, ndogo kama kifungo cha koti,
ilisahau kazi kitambo.
Sibishani nayo. Nami kuna mwaka ningeurudia.

Nikafungua. Nikapuliza vumbi.
Ganda la yai la mjusi likabingirika, jeupe, tupu.
Nikachomeka umeme: nyekundu, nyeusi, nyeusi, njano.
Nikachomeka utepe mpana wa kijivu,
mstari mwekundu upande wa pini ya kwanza,
kama nilivyofundishwa Webuye na mtu aliyenizaba kofi
siku niliyougeuza.

Diski ya kwanza: ipo.
Diski ya pili: hakuna.

Hakuna vipi? Nimeishika, ina joto.
Inavuma kama nyuki ndani ya kibuyu.
Nafuna akatega sikio. "Anapumua," akasema.
Hakuna, ikasema skrini.

Nikabadilisha utepe. Hakuna.
Nikabadilisha waya wa umeme. Hakuna.
Nikaing'oa ya kwanza, nikaiacha ya pili peke yake: ipo!
Nikazirudisha zote: sasa hakuna hata moja.
Mvua ya Elgon ikafika juu ya mabati,
na watu wawili waliokuja kujikinga mlangoni
wakauliza, bila kutazamana,
kama hiyo diski ikikataa kabisa
madeni nayo yanakataa.

Ndipo nikaigeuza, nikasoma kibandiko.
Kati ya utepe na umeme kuna meno madogo,
na juu ya meno mawili kipande cha plastiki,
punje ya mtama.
Kikikaa hapa, diski ni bwana. Kikikaa pale, ni mtumwa.
Ndivyo walivyoandika walioiunda; sikuwachagulia maneno.
Ya Nafuna ilikuwa bwana, maana kwao ilikaa peke yake.
Yangu ni bwana tangu iliponunuliwa.
Ikiitwa moja, zinaitika mbili,
na ubao mama, usiojua umsikilize nani,
unasema nyumba haina mtu.

Nikamweleza. Nafuna akacheka hadi akafuta macho.
"Kumbe fundi, hapa ulikuwa unatengeneza kamati yetu."

Kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu
nikakinyanyua kile kipande. Kikaanguka.
Tukakitafuta kwa tochi ya simu,
wale wawili wa mlangoni wakisaidia kwa mwendo wa kinyonga.
Kilikuwa ndani ya ganda la yai.

Nikawasha. Januari mosi, elfu mbili na mbili.
Diski ya kwanza: ipo.
Diski ya pili: ipo.

Faili likafunguka jina kwa jina.
Khaoya, amelipa. Mukhwana, amelipa, na kuku mmoja juu.
Nabwile, alilipa wiki aliyokufa.
Halafu safu nyekundu, na wa kwanza kabisa,
kwa herufi kubwa: WABOMBA, FUNDI.
Mazishi ya shemeji yake mwenyewe. Mia saba.

Nafuna hakusema kitu.
Akatoa kalamu kikapuni,
akauliza ufundi wangu ni bei gani.
Mia tatu, nikasema, na mvua, msaliti,
ilikuwa imekatika, kila mtu akasikia.
Akapiga hesabu kiganjani.
"Bado mia nne," akasema.
"Na unitolee nakala mbili."