Taarifa Hazilingani

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Kibanda changu kina kompyuta moja, printa yenye kikohozi,
na feni inayozunguka ikitaka.
Shekiondo ameingia na kopo la maziwa ya unga,
ndani risiti zimebanana kama dagaa,
zina grisi, zina alama za vidole.
Fundi baiskeli, miaka thelathini na miwili.
"Nijazie," anasema. "Macho yangu
yanaona spoku, hayaoni herufi."

Programu ya chama haina salamu.
Haisemi karibu, haisemi pole na jua.
Inataka jina, inataka namba,
na kila penye nyota nyekundu pajazwe.
Kisha inauliza lile swali ambalo kila mwaka
hulisoma mara mbili kabla ya kulitamka:
Januari ulikadiria utapata kiasi gani?
Na umepata kiasi gani?

Maana nafuu ya bima tulipewa kwa makisio.
Ulisema utapata kidogo, chama kikakubebea nusu ya mchango,
ukatibiwa kwa kadi huku mwaka wenyewe haujazaliwa wote.
Sasa umekwisha, unaulizwa:
ulichobebewa kilikuwa haki yako?
Kikipungua, utaongezwa. Kikizidi, urudishe.
Nani kati yetu aliyewahi kuukadiria mwaka
akaupatia?

Nikafika pa wategemezi.
"Wawili," akasema upesi. "Mwanakombo na Hoza."
Nikaandika. Nikabonyeza.
Mstari mwekundu: *Taarifa hazilingani.*
Nikarudia, mtandao wa hapa una ukaidi wake.
*Taarifa hazilingani.*
Shekiondo akaitazama feni.
Nilikuwa najua. Wali wa hitima yake niliula kwa mkono huu huu.
Ila kidole nacho kina woga.

"Basi weka mmoja."
"Mwaka mzima?"
"Hapana," akasema. "Alikuwepo."

Miezi kumi na miwili, visanduku kumi na viwili,
nitie tiki kila alipokuwa hai.
Januari, ndiyo. Februari alilazwa, akatoka.
Machi alifunga, daktari kamkataza, akafunga.
Mei alimgombeza Hoza kwa ajili ya sufuria.
(Hilo programu haikuuliza. Nilisikiliza tu.)
Agosti, dawa za kila wiki.
"Septemba?"
"Tarehe mbili. Alfajiri. Chai haijachemka."

Nikaiacha Septemba tupu.
Miezi minne irudishwe, programu ikasema,
na kiasi chini yake, ambacho yeye
alikihesabu kwa matairi: manne, na mnyororo.
Halafu, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitu asichonunua:
"Siku mbili hazihesabiki?"

Nikafungua ukurasa wa maelezo, ule asiousoma mtu.
Mwezi ukishauanza una kadi, ni wako wote.
Hata kwa siku moja. Hata kwa saa.
Nikatia tiki.
Deni likashuka, si sana,
tairi moja na spoku chache.
Yeye hakulitazama deni, alikitazama kisanduku.
"Kumbe wanampa mwezi mzima," akasema,
"kwa siku mbili."
Akacheka, kicheko kifupi cha puani.
"Na mimi ile ya kwanza nilishinda kazini."

Printa ikakohoa. Wino umekauka upande wa kushoto,
Mwanakombo akatoka *nakombo*.
Nikataka kuchapa upya, akakataa,
akaikunja karatasi mara nne,
akailaza juu ya risiti, akafunika kopo.
Nikamwambia elfu moja. Akaweka mbili.

Nje aliliminya tairi la mbele kwa dole gumba
kama anayempima mtoto homa,
akapanda, akaondoka.

Fomu yangu bado sijajaza.
Januari niliandika: *Mtegemezi, hakuna.*
Ilikuwa kweli wakati ule.