Mkono Upande wa Kushoto

Jumanne ni siku ya kuthamini bure.
Wanapanda ngazi za nyumba yetu ya mnada, hapa Limoges,
na saa za ukutani, na vijiko vya marehemu,
na leo Bibi Ghislaine Vauzelle, miaka themanini na mmoja,
na picha aliyoifunga kwa shuka, mafundo mawili,
kama aletaye mgonjwa.

Naifungua. Rangi za mafuta juu ya turubai,
sentimita arobaini na sita kwa hamsini na tano.
Birika la buluu, limebanduka mdomoni.
Mapeasi matatu. Kisu. Samaki wa chumvi
juu ya gazeti lisilosomeka, herufi zake vidoa tu.
Sahihi chini kulia: Escoubet, 51.
Simjui. Vitabu vya bei navyo havimjui.

Naigeuza. Mgongo wa picha si mwepesi wa uongo:
misumari yenye kutu, muhuri wa muuza turubai,
na kwa penseli, hesabu ya mtu aliyebanwa:
makaa, mkate, makaa.
Nainusa. Ndiyo, mimi hunusa.
Moshi wa jiko, miaka sabini na kitu ya moshi wa jiko.

"Alikuwa mpangaji wetu," anasema.
"Kodi ya miezi miwili. Baba alifoka:
nimpe chumba, anilipe birika langu mwenyewe?"
Anacheka, anaziba mdomo.
"Samaki yule tulimla usiku uleule.
Alikuwa ameanza kunuka. Tulimla."

Nafunga pazia, nawasha taa ya urujuani.
Vanishi inang'aa kijani, maji ya bwawa,
ila kushoto, kando ya peasi la tatu,
pana doa jeusi: rangi iliyokuja baadaye.
Nachukua taa nyingine, nailaza ubavuni,
mwanga upite juu ya turubai kama kiganja.
Matuta ya rangi yanainuka, jicho linazoea:
vidole vinne na kidole gumba, vidogo,
vimelifikia peasi, havijalishika.

Sijasema neno. Yeye ndiye asemaye, gizani:
"Aliniambia, ondoa mkono, Ghislaine. Nikauondoa.
Sikujua kwamba alikwisha kuuchora."

Nafungua pazia. Naandika:
Kazi ya Kifaransa, katikati ya karne.
Fremu si ya asili. Hali ya wastani.
Imepakwa upya upande wa kushoto;
na kwa hilo, ndivyo kanuni isemavyo, napunguza.
Euro mia tatu zinakuwa mia moja na themanini.
Fomu ina mistari kumi na minne.
Nimeitazama yote, mmoja mmoja,
nikitafuta pa kuuweka ule mkono.

Haulizi bei mara mbili. Anatandika shuka,
anailaza picha kifudifudi, anafunga la kwanza.

"Na peasi?" nauliza, swali lisilo la kazi yangu.

"Alilila yeye," anasema,
na anakaza fundo la pili.