Kijiti cha Nne

Umeniuliza kama ni mchezo mzuri.
Ngoja kwanza nikae.

Mashine yenyewe ilitoka hoteli iliyofungwa,
ikasukumwa kwa mkokoteni hadi Maweni,
ikawekwa nyuma ya duka la Shekue
kati ya magunia ya pojo na friji isiyogandisha.
Kioo kina ufa. Vijiti vinne, rangi nne.
Shilingi ishirini kila mtu, na mji unaanza kuwaka.

Hiyo ndiyo kazi yote: mji unawaka,
wanne mna ndoo mbili, kisima kimoja,
na nyani wanaoiba ndoo mkizozana.
Paa likianguka mashine hupiga ukelele, Aiuto!
na watoto wa Maweni, wenye Kitaliano cha salamu tu,
wameamua maana yake ni "Mwaga!"

Uzuri wake? Hakuna bingwa.
Kahindi, anayetufunga sote kwenye bao,
hapa ni mtu wa mikono miwili kama sisi.
Athmani hasemi na Kadzo tangu yale mambo ya simu,
lakini nilimsikia: "Kadzo, pokea! Kadzo, kushoto kwako!"
jina lake mara tisa ndani ya dakika moja.
Na ukifa hufi. Unageuka moshi,
unaelea juu ya wenzako ukiwaonyesha njia,
hadi mmoja akukumbuke, akumwagie maji.
Aliyewaza hilo ningempikia.

Ubaya sasa.
Ndoo haibagui: ukimgonga mwenzio anaanguka,
na hapo hakuna ajuaye ni ajali au ni kisasi.
Kuanzia hatua ya sita, nyani wanazidi, moto unazidi,
akili haizidi. Ukishaijua njia ya sokoni umemaliza.
Ukiwa peke yako usiiguse kabisa;
jeneza halibebwi na mtu mmoja.
Na kijiti cha nne, cha kijani,
huvuta kushoto chenyewe.

Halafu lile la Alhamisi.
Karai la Nyevu lilishika moto pale nje,
viazi, mafuta, moshi hadi kwenye kamba za nguo.
Tukatoka mbio wanne, Aiuto! Aiuto!
tukapanga mstari kutoka bombani,
ndoo ikapita mkono kwa mkono,
vizuri, jamani, vizuri sana,
hadi Athmani akainyanyua amwage
na Nyevu akampiga mkono, ndoo ikaenda mtaroni.
"Mafuta hayo! Wataka kuniunguza?"
Akavuta gunia lililolowa, akalifunika karai,
akasimama mikono kiunoni. Moto ukanywea.

Mchezo haukutufundisha gunia.
Mchezo unajua moto wa aina moja.

Lakini ule mstari,
nimeurudia kichwani usiku kucha:
hakuna aliyemgonga mwenziwe.
Mashine haikuwepo kutuhesabia pointi.

Nyevu alitupa viazi vilivyoungua, bure,
akasema ndiyo malipo ya wazima moto kama nyinyi.
Kadzo akamgawia Athmani chumvi. Hakusema kitu.

Basi usiniulize tena kama ni mzuri.
Una ishirini?
Shika cha kijani. Legeza kiganja,
uvute kulia kidogo, muda wote,
hata pale unapotaka kwenda moja kwa moja.