Yupo

Wageni walipouliza, baba alihesabu kwa vidole:
Massoud yuko Maskati, ana gari mbili.
Riziki ni mwalimu, skuli moja huko Chake,
kaolewa na mtu wa benki.
Kidole cha tatu kikasita.
"Na Kidawa?"
"Kidawa… yupo."
Kisha akaagiza kahawa.
Aliyeileta ni mimi.

Yupo. Neno lenyewe halijazi kijiko.
Paka naye yupo.
Mlango wa uani, unaolia kila ukifunguliwa, upo,
tangu nyumba hii ya Wete ilipokuwa ya makuti.

Nina miaka khamsini na mbili. Nashona kofia.
Si zile za mashine, zinazoshuka na maboksi kutoka ng'ambo;
za mkono, za vitobo, moja miezi mitatu,
minne mvua ikizidi na mwanga ukawa haba.
Unachukua kitambaa kizima, cheupe, hakina kosa,
unakitoboa.
Kitobo kwa kitobo,
kisha kila kimoja unakizungushia uzi
kisije kikachanika zaidi ya hapo.
Usiku mmoja umeme ulikatika, nikajaribu kuvihesabu:
elfu moja na mia nne na kitu,
kandili ikaisha mafuta.
Mvaaji hatohesabu. Atauliza bei, atasema ghali.

Kofia hizi ndizo zilizomsomesha Riziki.
Sisemi ili alipe.
Nasema kwa kuwa halijapata kusemwa,
na lisilosemwa katika nyumba yetu
hufunikwa kawa, kama chakula cha asiyefika,
mpaka kikachacha.

Siku ya harusi yake walipiga picha ya ukoo.
Mie nilikuwa jikoni, mikono imejaa chicha.
Picha ingali ukutani, kila Ijumaa naipangusa vumbi.
Baina ya mama na Massoud pana nafasi,
upana wa mtu mmoja mwembamba.
Labda walisimama vibaya tu.

Baba alipoanza kupotea, akili si mwili,
alianza kusahau wajukuu,
akaja kwa wakwe, akaja kwetu.
Massoud alituma pesa na kitanda cha magurudumu.
Riziki alikuja Jumamosi, akalia, akarudi na gari ya saa kumi.
Simlaumu. Kumsamehe pia bado,
nipeni muda.

Usiku wa manane, masika yakipiga bati,
sauti ilipenya ukuta:
"Nani yupo?"
"Mimi."
"Mimi nani?"
"Kidawa, baba."
Kimya. Kitanda kikalia kidogo.
"Aa. Yupo."
Akalala.

Kila usiku, miezi saba.
Neno lile lile alilolitupa mbele ya wageni
sasa alilishika kama mtu anayepapasa ukuta gizani.
Sikujua kama ile ni radhi
au ni mazoea ya ulimi.
Mchana mmoja fahamu zilimrudia, nikathubutu:
"Baba, mimi umri wangu nimeufanyia nini?"
Akaitazama sindano mkononi mwangu,
akanitazama mimi.
"Uji umepoa," akasema.
Na kweli ulikuwa umepoa.

Tulimzika mwezi wa Shaabani.
Katika nguo zake nilikuta kofia yangu ya kwanza kabisa,
vitobo vimekwenda upande, uzi umenivuka mpaka,
kazi ya mtoto wa miaka kumi na mmoja.
Ukosi wake umeiva jasho.
Kumbe alikuwa akiivaa.
Wapi, lini, sikumbuki hata siku moja kumwona nayo.
Sijamwonyesha mtu. Nimeikunja, nimeirudisha.

Asubuhi Bi Zuwena hupaza sauti juu ya ua:
"We Kidawa, upo?"
Miaka yote nimemjibu bila kufikiri,
midomo imebana uzi.
Leo niliutoa uzi kwanza.
"Nipo," nikasema.
Alikuwa anataka kuazima mbuzi ya kukunia nazi.