Ile Nyeupe

Mvua ya Jumanne imelikoroga ziwa
hadi limekuwa chai iliyozidi maziwa,
na Baba, amekaa mbele kwenye boti ya bati,
ananyoosha kiganja bila kugeuka:
"Rangi gani leo, Maribeth?"

Mwaka juzi asingeuliza.
Angetumbukiza mkono hadi kiwiko, angesema
nyuzi hamsini na nane, krapi wamepanda,
dogwudi imechanua barabara ya kanisani,
weka nyeupe.
Maji safi, nyeupe.
Maji machafu, nyeupe kubwa zaidi.
Kwa wateja kama yeye
maduka yote ya Kentucky yangefungwa.

Sasa mtoto wa jicho amehamia macho yote mawili,
na mimi, mtoto wa kuzaa,
ndimi ninayemsomea sanduku.

Nalifungua. Ghorofa tatu zinapanda zenyewe:
minyoo ya mpira inayonuka bizari tamu,
chura aliyevaa sketi,
samaki wa mbao mwenye mdomo wa bati
na jicho moja, la pili lilibaki kwenye kisiki.
Hao ni wa besi.
Besi simhofii, namjua, ana tabia za mjomba Doyle:
hata akiwa ameshiba, mkatizie uani
mara tatu, mara nne, bila hodi,
atatoka akupige.
Kwa matope haya ningempa kelele,
vibamba viwili vinavyozunguka, njuga tumboni.
Kukiwa na baridi ningemburuzia mnyoo chini kabisa,
polepole,
hadi mwenyewe nisahau kama navua.

Lakini Baba hakuja kugombana na mtu.
Amejia krapi,
na krapi hutazama juu.
Chambo kikipita chini ya kidevu chake, hakipo.
Kipitishe futi moja juu ya kichwa, kining'inie,
kitetemeke kidogo tu, kama mkono wa Baba unavyotetemeka
bila kuombwa.

Vidole vyangu vinapita juu ya nyeupe zote.
Nachukua ya waridi,
waridi ya pipi, mkia wa rangi ya ndimu,
niliyoinunua kimyakimya kwa Wendell Crain,
ambayo Baba angewatupia kuku.

"Nyeupe," nasema.

Analowesha fundo kwa mate, anakaza,
anakata uzi kwa jino lililobaki upande ule.
Anatupa kwa kusikiliza: ile *chubwi* ndogo
karibu na mti uliozama, shibiri moja, si mbili.
Kisha kazi yangu ni boya.

Krapi hazamishi boya.
Hulibeba kutoka chini, hulipunguzia mzigo,
nalo hulala ubavu
kama mtu aliyechoka kusimama foleni.

"Limelala, Baba."

Anainua kifundo cha mkono, basi.
Hakung'uti. Mdomo wa krapi ni karatasi,
mwenye pupa huondoka na kipande cha midomo.
Namtia wavuni, mpana kama sahani,
madoadoa meusi kama mtu kampulizia wino.

"Nilikwambia," anasema. "Nyeupe."

Wa pili. Wa tano.
Kila mara, nilikwambia.
Wa tisa nikamtoa ndoana nimeinama,
nikiuficha uso mtu asiyeuona,
na uongo wangu ukining'inia mbele yetu sote wawili,
waridi, unadondosha maji.

Saa nne jua likapanda juu ya misipresi na wakaacha kula.
Nikapiga kasia kurudi. Baba akaikata jigi,
lakini hakunipa niirudishe.
Aliuviringisha ule mkia kati ya kidole gumba na cha shahada,
muda mrefu,
kama anayehesabu noti gizani.

"Wendell anasema ulinunua sita."

Boti ikagonga gati. Sikupata la kusema,
nikafunga kamba, nikaifunga tena.

Akaichomeka jigi kwenye ukingo wa kofia yake,
akatafuta bega langu, akalipata.

"Kesho," akasema, "nipe tena hiyo nyeupe."