Kifungu cha Tisa

Gari lilikuja limebebwa mgongoni mwa lori,
Jumatatu, mvua ya Eifel ikilichapa boneti.
Chini yake oili ilidondoka, tone, tone,
kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi.
Ansgar Thelen, mwoka mikate wa Adenau,
alishuka na unga bado kwenye nyusi.

"Nililiendesha kwa adabu," alisema,
kabla sijauliza.

Miaka kumi na tisa nafungua injini za watu.
Neno la kwanza la mteja
ndilo kifuniko cha shimo.

Nikachomeka waya chini ya usukani.
Gari halina haya, halina ndugu.
Ukiliuliza, linasema.

Likasema: klachi, nyuzi joto mia tatu na kumi.
Likasema: mizunguko elfu tisa na mia moja, mara thelathini na nne,
na mstari mwekundu wa kiwanda unaishia elfu nane na nusu.
Likasema: Jumapili, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi,
kengele za kanisa zikiwa bado zimelala,
mwendo, mia mbili sitini na saba.
Likataja hata kona.

Hati ya dhamana ina kurasa sitini na mbili.
Inaahidi miaka mitatu, inaahidi rangi,
kutu, vioo, mshono wa ngozi ya viti.
Kisha kifungu cha tisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
isipokuwa mashindano,
isipokuwa mazoezi ya mashindano,
isipokuwa mwendo wowote uliopimwa kwa saa ya mkononi,
isipokuwa matumizi yaliyopindukia;
na anayejua kupindukia kunaanzia wapi
ni yule yule aliyeandika.

Juu ya meza yangu wamebandika tangazo:
gari hilo hilo, manjano hiyo hiyo,
limelalia kona hiyo hiyo, matairi yakifuka moshi.
"Limezaliwa hapa," tangazo linasema.
Ndiyo.
Ila ukilirudisha lilikozaliwa
mzazi anasema hakujui.

Barua iko tayari siku zote. Najaza jina na tarehe.
Tunasikitika kukujulisha.
Nani anasikitika? Makao makuu wapo watu mia nne
na barua hii inaandikwa na mashine.
Giaboksi, klachi, na jasho langu: yuro elfu ishirini na tatu.
Nilianza kugawanya kwa bei ya mkate,
nikaacha.

(Mimi nami niliua Opel ya baba
kwenye mteremko ule ule, nina miaka kumi na tisa.
Nikamwambia: kulungu alikatiza.
Alinyamaza, akalipa.
Amekufa sijui kama aliamini.)

Ansgar aliisoma barua akiwa amesimama.
Nikangoja. Wapo waliopiga meza,
yupo aliyelia kama mtoto aliyeachishwa ziwa,
na daktari mmoja wa meno aliniletea wakili.
Yeye aliuliza:
"Ile karatasi ya kompyuta, naweza kuichukua?"

"Ya kukatia rufaa?"

Akatikisa kichwa.
Kidole chake, chenye kovu la tanuri,
kikashuka mstari kwa mstari,
kama mwanafunzi anayetafuta jina lake
kwenye orodha ya waliofaulu,
kikasimama pale Jumapili.

"Mia mbili sitini na saba," akasoma kwa sauti.
Akasoma tena, bila sauti.
"Siku ile niliogopa kuutazama mshale."

Barua yangu aliiacha kaunta.
Karatasi ile aliikunja mara nne,
akaitia mfuko wa ndani,
akatoka mvuani kuelekea kituo cha basi,
hatua baada ya hatua,
kwa mwendo unaokubalika
na vifungu vyote.